Kamba Mbili Mezani

Leo nimeingia studio na kamba mbili. Ya kwanza ni ya katani, ina rangi ya nyasi kavu, ukiipitisha kidoleni inakwaruza, na ukiinusa inanukia kama gunia jipya. Ya pili ni ya plastiki, ya buluu, inateleza, wala haina harufu ya kuitaja. Ngoja nizisogeze kwenye maikrofoni. Hii ya katani, sikiliza nikiisokota: inalia kama mtu anayekanyaga majani makavu. Na hii ya plastiki nayo naisokota sasa hivi. Karibu haitoi sauti kabisa.

Zote mbili nimezinunua asubuhi ya leo, sokoni, duka moja. Nilipofika mwenye duka aliniuliza: “Unataka ya kufungia nini?” Hakuanza na jina la kamba, wala rangi, wala inatoka wapi. Aliuliza kazi. Nilipomwambia nafunga mzigo juu ya baiskeli, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ile ya buluu, kabla hata sijamaliza kusema. Nimekuja na swali lake hilo dogo kwa sababu mkoa mzima wa Tanga uliwahi kupoteza utajiri wake kwa kutokujiuliza.

Siku hizi ukihudhuria kongamano lolote la biashara utasikia habari za teknolojia mpya zinazopindua masoko. Akili mnemba, simu, magari ya umeme. Mazungumzo mazuri, ila yanaendeshwa kana kwamba jambo hili limeanza juzi, tena ughaibuni. Sisi wa pwani hii tulikwisha kupigwa na teknolojia ya namna hiyo, pigo zito, na mashamba yaliyobaki mapori ni shahidi hadi leo. Tatizo ni kwamba tumezoea kulisimulia pigo lile kama habari ya siasa, kwa hiyo somo lake la biashara hatujalisoma.

Mkonge, unaotupa hiyo katani, si mmea wetu wa asili. Asili yake ni Mexico, na jina lake la kimataifa, sisal, limetokana na bandari ya Sisal kwenye rasi ya Yucatán. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikimiliki mashamba huku, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu. Iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ndiyo iliyopandwa karibu na Pangani, na kutoka kwenye hiyo mashamba yakaenea Muheza, Korogwe, Kilosa, Morogoro, hadi Lindi.

Sasa jiulize, Mjerumani alihangaikia nini na mmea wenye miiba kutoka nchi ya mbali? Jibu liko kwenye mashamba ya ngano ya Marekani. Mwaka 1878 John Appleby alikamilisha kifaa kilichoweza kufunga fundo chenyewe, kikawekwa kwenye mashine ya kuvunia. Mashine ikapita shambani, ikakata ngano, ikaikusanya miganda na kuifunga kamba bila mkono wa mtu. Kamba hiyo ilitakiwa kwa wingi usio na mfano, kila mwaka, kila msimu. Watu wa Yucatán wakatajirika kwa nyuzi za mmea ndugu wa mkonge, na majumba yao ya fahari yangali yamesimama mjini Mérida. Tanga ikaingia kwenye karamu hiyohiyo. Kwa hiyo, kabla hatujalaumu teknolojia kwa kuua mkonge, tukiri kwamba ni teknolojia iliyouzaa. Bila lile fundo la Appleby, ile miche 62 isingekuwa na kazi.

Kisha ikaja kombaini, ambayo inavuna na kupura papo hapo, hakuna tena miganda ya kufunga. Hilo peke yake lilitosha kuua soko. Mkonge ulipona kwa bahati: ikatokea mashine nyingine, ya kufunga majani makavu ya ng’ombe marobota, nayo ikahitaji kamba. Soko moja likafa, la pili likazaliwa jirani yake, na watu wa Tanga waliendelea kupakia meli kama kawaida. Nadhani hapo ndipo tulipoponzwa. Tuliokolewa na mabadiliko ambayo hatukuyaona yakija, wala hatukujua kwamba tumeokolewa.

Vita Kuu ya Pili ikatuongezea bahati nyingine. Wajapani waliiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, nyuzi za huko zikakosekana, na dunia ikageuza macho Tanganyika. Baada ya vita bei ilipaa. Tulipopata uhuru mwaka 1961, mkonge ndio ulikuwa zao la kwanza kwa kutuingizia fedha za kigeni, na nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuzalisha. Watu waliuita dhahabu ya kijani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliochimba dhahabu hiyo. Alitoka Kasulu kwa mkataba, kwa garimoshi na lori, baada ya kuandikishwa na ile ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa kwa kifupi SILABU. Watu wa namna yake waliitwa manamba, kwa sababu ukifika ulipewa namba, na mbele ya mnyapara namba hiyo ndiyo ilikuwa jina lako. Kambini aliwakuta Warundi, Wamakonde, Wabena, Wangoni. Alfajiri walikwenda kukata majani, wakiyafunga mafungu ya 30, kila jani na mwiba wake mweusi kwenye ncha unaotakiwa kuondolewa kwanza. Babu alikuwa na kovu chini ya jicho la kushoto. Mwiba ulimchoma kwa sababu aligeuka kumjibu mwenzake. Alikuwa akitueleza: “Mkonge hautaki uutazame mtu mwingine.”

Kutoka shambani majani yalipelekwa korona, ile mashine kubwa inayoyaponda kwa kelele na maji mengi, ikaacha singa upande mmoja na maganda upande mwingine. Singa zikaanikwa kwenye nyaya, zikapigwa brashi, zikapangwa madaraja kwa urefu na usafi, zikashindiliwa marobota, zikaenda bandarini. Babu aliyafahamu yote hayo mpaka getini. Baada ya geti hakujua kitu. Na jambo linalonisumbua ni kwamba wenye mashamba nao hawakujua mengi zaidi yake. Walimjua dalali wa London. Mkulima wa Yorkshire au Iowa aliyekuwa akifunga majani ya ng’ombe wake kwa nyuzi zetu hawakumjua, hawakujua anapenda nini na anakerwa na nini.

Mkulima huyo alikuwa na kero. Kamba ya katani ikilowa inavimba, ikikaa sana inaoza, na panya wanaitafuna ghalani.

Machi 1954, mjini Milano, mwanakemia Giulio Natta na wenzake walifanikiwa kutengeneza plastiki iitwayo polipropilini, kwa kuunganisha gesi ambayo viwanda vya kusafisha mafuta vilikuwa nayo tele. Mwaka 1957 kampuni ya Montecatini ikaanza kuizalisha kwa biashara. Mwaka 1963 Natta akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Ukumbuke mwaka huo, 1963. Wakati Natta anapokea nishani yake Stockholm, Tanga bei ya mkonge ilikuwa juu mno, wenye mashamba wakipanua na kupanda. Mwaka uliofuata, 1964, tulivunja rekodi: takriban tani 230,000. Hatujawahi kuifikia tena.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mkonge ulikuwa tofauti: kilichoula kilikuwa nguoni mwa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hajawahi kuona shamba la mkonge. Watu wa Tanga walikuwa na wapinzani waliowajua. Walikuwa wakiiangalia Brazil, wakihesabu hekta zake na gharama za vibarua wake. Kule Mlingano, karibu na Muheza, watafiti walifanya kazi ya kujivunia: walituletea mkonge chotara namba 11648, unaotoa majani mengi kuliko ule wa zamani, na leo mbegu hiyo inalimwa mpaka China. Walikuwa watu hodari. Lakini swali walilopewa lilikuwa namna ya kupata singa nyingi zaidi kwa hekta, na wakalijibu barabara. Swali la kama dunia itaendelea kuzihitaji halikupewa uzito huo.

Naomba ushike kamba hizi mbili pamoja nami, kwa mawazo tu. Ya plastiki ni nyepesi kiasi kwamba inaelea majini. Kwa hiyo kilo moja yake inatoa urefu mkubwa kuliko kilo moja ya katani. Haiozi, na kwa panya haina ladha. Ina udhaifu wake: inateleza, fundo lake linaweza kufunguka, na jua likiipiga muda mrefu inakatika vipande vipande. Mtu aliyeishi na katani maisha yake yote angeishika plastiki hiyo na kuidharau, na angekuwa na sababu. Hivyo ndivyo vitu vya namna hii vinavyokuja. Vinakuja vikiwa na kasoro ambazo mtaalamu anaziona upesi, na sifa ambazo mnunuzi anazitaka kimyakimya. Kasoro za plastiki kiwandani zilirekebishwa mwaka hadi mwaka kwa kuchanganya dawa za kuikinga na jua. Mkonge ungerekebishwa vipi? Ukipanda mche leo, majani ya kwanza unakata baada ya miaka mitatu hivi, halafu unaendelea kukata mpaka mmea utoe mlingoti na kufa, labda mwaka wa kumi. Mwenye kiwanda anabadilisha mchanganyiko wake Jumatatu. Mwenye shamba amekwisha kuweka rehani miaka kumi.

Bei ilianza kuporomoka mwaka 1964 wenyewe. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na muda si mrefu serikali ikachukua zaidi ya nusu ya mashamba. Hapa ndipo ubishi wetu wa vijiweni unapoanzia na kuishia. Mmoja anasema Azimio ndilo lililoua mkonge. Mwingine anasema mabeberu walishusha bei kutukomoa. Mimi nimelipima jambo hili kwa miaka na nitasema ninavyoona. Usimamizi wa mashirika ya umma uliongeza hasara. Mashamba hayakupandwa upya kwa wakati, mitambo ilichakaa, na hilo halifichiki. Lakini bei ilikuwa imeanguka kabla ya Azimio. Brazil haikuwa na Azimio, na wakulima wake pia walibanwa na plastiki ileile. Tungeacha mashamba yote kwa wenyewe wa zamani, yangepungua tu. Pengine yangepungua kwa heshima zaidi.

Kuna kisa kimoja ndani ya historia hiyo ambacho kila mfanyabiashara angepaswa kukijua. Mwaka 1973 nchi za mafuta zilipopandisha bei, plastiki nayo ikawa ghali. Ghafla mkonge ukatafutwa tena, bei ikaruka, Tanga watu wakasema nyakati njema zimerudi. Hazikurudi. Bei ilipokuwa juu, viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyokuwa bado na mitambo ya katani vilipata sababu nzuri ya kuiondoa. Ukiwa unauza kitu ambacho mbadala wake upo, bei nzuri ni siku ya hatari. Inakupa fedha mkononi na wakati huohuo inamfundisha mteja njia ya kukukimbia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tumeshuka hadi takriban tani 20,000.

Mwaka 1960, wakati Tanga inafurahia, mwalimu wa Harvard aitwaye Theodore Levitt aliandika makala iliyozigusa kampuni za reli za Marekani. Alisema zilidhoofika kwa sababu zilidhani biashara yao ni treni, na kumbe biashara yao ilikuwa kusafirisha. Ndilo swali la mwenye duka wangu wa kamba. Mtu wa Iowa hakuwahi kununua mkonge. Alinunua kufunga majani. Siku alipopata kitu kingine cha kufungia, hakuona hata kwamba ametuacha.

Mtaniuliza, hayo ya zamani yanatuhusu nini sisi tulio na simu mkononi? Tazameni Kenya, Machi 2007. Mabenki yalikuwa yakitazamana, kila moja ikihesabu matawi ya mwenzake, na huduma ya kutuma pesa ikaletwa na kampuni ya simu, kupitia wenye vioski vya kuuza vocha. Au rudini kidogo nyuma, kwa wakulima wa pareto wa Nakuru na Iringa. Maua yao yalikuwa dawa ya wadudu iliyotegemewa duniani, mpaka wanakemia wa Rothamsted huko Uingereza walipolichunguza ua hilohilo, wakaiga umbo la dawa yake, na mwaka 1973 wakatoa ya kutengeneza maabara isiyoharibiwa na jua. Ua lilitoa siri yake na mkulima hakulipwa.

Siku hizi nasikia matumaini mengi kwamba mkonge utarudi wenyewe kwa kuwa dunia imechoka na plastiki. Tumepiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya tangu Agosti 2017, Tanzania tangu Juni 2019. Nilishangilia kama wengine. Lakini chukua ule mfuko mbadala unaopewa sokoni, ule laini wenye mipini, unaofanana na kitambaa. Mingi kati ya hiyo imetengenezwa kwa polipropilini, plastiki ya Natta ileile, imebadilishwa umbo tu. Na gunia unalowekea mahindi, lile la sandarusi, ni plastiki hiyohiyo pia. Marufuku ilifungua nafasi, na aliyekuwa tayari kuingia hakuwa sisi.

Matumaini yangu yako mahali pengine, na ni madogo, ila yana miguu. Jani la mkonge lina singa kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kwa zaidi ya miaka mia moja tulikuwa tukivuna jani zima, tunauza hiyo sehemu ndogo, na kilichobaki tunakimwaga mtoni. Kule Hale, mkoani Tanga, mwaka 2008, ulizinduliwa mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kwa maganda hayo. Haukubadilisha uchumi wa nchi. Lakini kulikuwa na mtu aliyelitazama jani na kuuliza linaweza kufanya kazi gani zaidi ya kuwa kamba.

Soko jingine liko juu ya vichwa vyetu. Baadhi ya singa zetu zinakwenda Saudi Arabia na Nigeria, kuchanganywa na jipsamu ya dari na mapambo ya ukutani, ili isipasuke. Mwaka jana nilikuwa Korogwe, kwa wakulima wadogo walio kwenye vyama vya ushirika, wanaolima ekari chache kwenye ardhi ya mashamba ya zamani. Baadhi yao ni wajukuu wa manamba, kama mimi. Mama mmoja alikuwa akianika singa kwenye nyaya, anazitandaza kwa mikono miwili kama anayechana nywele za mtoto. Nikamuuliza: “Mama, hizi zikitoka hapa zinakwenda kufanya kazi gani?” Akasema zinakwenda Tanga, bandarini. “Baada ya hapo, mwanangu, hatujaambiwa.” Lilikuwa jibu la babu yangu, neno kwa neno, miaka 60 baadaye. Nikamwahidi nitamtafutia.

Niliporudi Dar es Salaam nikamfuata fundi wa jipsamu anayefanya kazi mtaani kwetu. Nilimkuta juu ya jukwaa, ndoo ya jipsamu iko pembeni na kichane cha katani kimening’inia begani. Alichovya singa kwenye uji mweupe, akazibandika nyuma ya pindo la dari, akazisawazisha kwa kiganja. Nikamweleza habari za yule mama, na kwamba kule Korogwe singa ndefu ndiyo daraja la juu na ndiyo yenye bei, fupi ni mabaki. Alinitazama, akashuka ngazi, akaenda kwenye mfuko wake. Akatoa mkasi.

“Ndefu inanisumbua,” akasema. “Nikiipata, kazi ya kwanza ni kuikata. Mwambie mama huyo mimi nataka fupi, safi, iliyokauka vizuri. Akiwa nayo, anipigie.”

Namba yake nimeipeleka Korogwe.